Maswali ya kila siku kuhusu Bruce Bochy, mdakaji wa benchi aliyekuja kubeba mataji manne

Kila nikimtaja huyu mzee mbele ya washkaji wa mpira wa miguu naulizwa yaleyale, kwanza ndo nani, pili besiboli yenyewe inachezwaje, tatu inakuwaje nimshabikie mtu aliyekaa benchi karibu maisha yake yote ya uchezaji. Kwaiyo nimeyakusanya hapa nisirudie tena. Hayana mpangilio wa maana, mengine nimejibu kirefu kwa sababu nayapenda, mengine mstari mmoja tu yanatosha.

Haya, Bruce Bochy ni nani?

Mmarekani, mdakaji wa besiboli kwenye ligi kuu ya kule kati ya 1978 na 1987, alafu akawa kocha, alafu meneja kwa misimu 28 kwenye timu tatu: San Diego Padres, San Francisco Giants na Texas Rangers. Fainali ya besiboli ya Marekani inaitwa World Series na yeye kaibeba mara nne, 2010, 2012 na 2014 akiwa na Giants, na 2023 akiwa na Rangers.

Nne unaweza kuziona chache ila mchezo huu una zaidi ya miaka 100 na mameneja waliofikisha mataji manne au zaidi ni sita tu. Joe McCarthy na Casey Stengel wana saba saba, Connie Mack ana matano, na Walter Alston, Joe Torre na Bochy wana manne manne. Angalia vizuri hiyo orodha, Mack, Torre na Bochy wote walikuwa wadakaji. Nusu nzima! Na uwanjani kuna nafasi tisa. Hilo nitalirudia chini huko.

Mdakaji ndo nani? Ni kama golikipa?

Nusu ndiyo nusu hapana. Anafanana na kipa kwa glavu na kwa kulinda nyumbani, yani pale mpigaji anaposimama na mkimbiaji anaporudi kufunga pointi, ila ana kazi nyingi kuliko kipa. Picha iko hivi, mrushaji anasimama juu ya kichuguu mita 18 na ushee kutoka kwa mpigaji, anavurumisha mpira mgumu ambao unaweza kufika kilomita 150 kwa saa, mpigaji kashika gongo lake, na nyuma ya mpigaji kuna jamaa kachuchumaa amevaa barakoa ya vyuma, kinga ya kifua na kinga za magoti mpaka ugoko. Huyo ndo mdakaji. Anachuchumaa na kuinuka mara mia na zaidi kwa mechi moja, na msimu wa kawaida una mechi 162, kwaiyo ukiona mdakaji mstaafu anatembea vibaya usimuulize kafanya nini.

Ila kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba yeye ndo anayependekeza mrushaji arushe mpira wa aina gani. Zamani zote alikuwa anaonyesha vidole chini katikati ya mapaja ili wapinzani wasione, kimoja mpira wa kasi, viwili mpira wa kukunja, na kuendelea, na toka 2022 wameruhusiwa kutumia kifaa cha vitufe, yeye anabonyeza na mrushaji anasikia sauti kwenye kofia. Alafu kati ya wachezaji tisa wa timu inayolinda, wanane wote wanaangalia upande wake, ni yeye peke yake anayeutazama uwanja mzima. Nani kasogea, nani kazubaa, nani mguu unamuuma, yote anayaona.

Mbona mnasema "meneja"? Si kocha tu?

Hapa wabongo wengi tunachanganyikiwa. Kwenye soka letu meneja wa timu ni yule anayehangaika na safari, hoteli, jezi na vibali, na bosi wa uwanjani ni kocha mkuu. Kwenye besiboli geuza. Meneja ndo bosi wa uwanjani, anapanga kikosi, anabadilisha warushaji, anagombana na refa. Makocha ni wasaidizi wake, kuna kocha wa warushaji, kocha wa wapigaji, kocha wa besi ya kwanza, kocha wa besi ya tatu (besi ni vile vituo mkimbiaji anavyopitia mpaka arudi nyumbani). Na meneja anavaa jezi kamili kama wachezaji wake, Bochy alikuwa na miaka 70 bado anavaa jezi yenye namba mgongoni. Mtu mzima kabisa. Hakuna anayecheka, ndo utaratibu.

Ni kweli ni Mfaransa?

Kazaliwa Ufaransa, tarehe 16 Aprili 1955, kwa sababu baba yake alikuwa mwanajeshi wa Marekani na kambi yake ilikuwa huko upande wa Bussac, kusini magharibi. Utoto wake ni wa mtoto wa kambini, leo huku kesho kule, wakapita mpaka eneo la mfereji wa Panama, mwisho wakatulia Melbourne, ile ya Florida sio ya Australia. Ufaransa yenyewe hawakumsahau, miaka mingi baadaye wakamuomba aongoze timu yao ya taifa.

Alikuwa mchezaji mkali?

Hapana. Na hiyo ndo sababu ya mimi kuandika yote haya.

Houston Astros walimchukua kwenye drafti, yani ule mgao wa vijana kwa timu, ya Juni 1975, akaingia ligi kuu 1978. Akacheza Houston mpaka 1980, akawa na New York Mets 1982, akamalizia San Diego 1983 mpaka 1987. Misimu tisa, mechi 358. Piga hesabu, misimu tisa mara mechi 162 ni 1,458, kwaiyo alicheza kama robo tu, zile robo tatu nyingine yuko benchi anamenya mbegu za alizeti. Wastani wake wa kupiga ni .239, yani kila mara 100 anazoshika gongo anafanikiwa kama mara 24. Homurani, yani mpira unaopigwa mpaka nje ya uwanja, 26 kwa miaka yote hiyo, kuna watu wanapiga hizo kwa msimu mmoja na bado wanalalamikiwa.

Pale San Diego mbele yake alikuwepo Terry Kennedy, mdakaji namba moja, na wakati Kennedy anaondoka yeye Bochy hakupandishwa, akaletwa kijana Benito Santiago ambaye 1987 akachukua tuzo ya mchezaji bora mpya wa ligi ile. Umeelewa? Umesubiri zamu yako miaka minne, zamu inafika, anapewa dogo.

Ana siku yake moja nzuri lakini. 1985 alimpiga Nolan Ryan homurani ya kumaliza mechi. Ryan ni mmoja wa warushaji wa kutisha kuliko wote waliowahi kutokea, na Bochy alikuwa naye timu moja Houston mwaka 1980, kwaiyo naamini alikuwa anajua kidogo mzee anafikiria nini. Hiyo ni imani yangu, msininukuu.

Ile stori ya kichwa ni kweli?

Kweli kabisa. Bochy ana kichwa kikubwa, kofia yake ni saizi 8 na 1/8, na wachezaji wengi wako kwenye 7 na kitu. Alipopandishwa Mets 1982 hawakuwa na helmeti ya kumtosha, ikabidi watume watu wakalete zile alizokuwa anatumia kwenye timu ya chini. Na kuna siku kapiga homurani ya ushindi, kurudi ndani akakuta wenzake wamechukua helmeti yake wameijaza barafu na makopo sita ya bia. Yakaenea yote.

Utani wa hivyo haufanyiwi mtu msichompenda.

Kwa nini wadakaji wengi wanakuwa mameneja?

Hili ndo swali lenyewe. Majibu ya kawaida nimeshayagusa, anaona uwanja wote, anapanga mipira. Ila mi naona kuna mambo mawili makubwa zaidi.

La kwanza ni warushaji. Warushaji ni watu wa ajabu, kila mmoja ana mambo yake, huyu ukimfokea anaamka, yule ukimfokea anakufa kabisa mpaka mechi inaisha. Mdakaji anaishi nao, anawapokea mazoezini, anawasikia mkononi. Nasema mkononi kwa maana yake halisi, mpira ukianza kupungua nguvu wa kwanza kujua ni kiganja cha mdakaji, kabla mashine ya kupima kasi haijasema kitu. Na kazi ngumu kuliko zote ya meneja wa besiboli ni hiyohiyo, kujua ni dakika gani mrushaji kaisha umtoe, usimtoe mapema ukamaliza akiba, usichelewe ukafungwa. Mtu aliyedaka miaka kumi kashafanya huo mtihani mara elfu.

La pili ni benchi. Mdakaji namba moja ana presha ya kucheza, magoti yanauma, ana wastani wake wa kupiga wa kufikiria. Mdakaji wa akiba hana. Yeye kakaa pembeni ya meneja jioni nzima, anaandaa warushaji wa akiba, na kwa kuwa anajua anaweza kuitwa muda wowote hawezi kulala, lazima afuatilie. Analipwa kutazama. Bochy akiwa Padres meneja wake alikuwa Dick Williams, ambaye alikuwa amebeba World Series 1972 na 1973 na Oakland, na 1984 akaipeleka Padres fainali kwa mara ya kwanza. Miaka ile mtu ulikuwa unapata chuo cha bure na chakula juu.

Na hayuko peke yake. Kevin Cash wa Tampa Bay alikuwa mdakaji wa akiba. A.J. Hinch, Bob Melvin, Stephen Vogt, Ned Yost, wote wadakaji na karibu wote hawakuwa mastaa. Joe Torre na Yogi Berra ndo wale wachache waliokuwa wakali kwa gongo na bado wakaja kuongoza. 1998 Bochy alipofika fainali mara ya kwanza alikutana na Torre, mdakaji kwa mdakaji. 2014 fainali ikawa yeye na Yost, tena mdakaji kwa mdakaji.

Alianzaje ukocha?

Kwa chini kabisa. 1988 alikuwa Las Vegas, timu ya daraja la chini ya Padres, nusu mchezaji nusu kocha. 1989 wakampa timu ya vijana kule Spokane aiongoze, alafu Riverside 1990, High Desert 1991, Wichita 1992. Ligi ndogo ni mabasi, usiku, moteli za bei poa na vijana wa miaka 19 wanaolia wamekumbuka kwao. Wakawa wanampandisha ngazi polepole.

1993 na 1994 akawa kocha wa besi ya tatu wa timu kubwa. Hiyo kazi msiidharau, unasimama pembeni ya besi ya tatu, mkimbiaji anakuja mbio una sekunde moja na nusu kuamua umruhusu aende nyumbani akafunge au umsimamishe, unapunga mikono kama trafiki wa Ubungo enzi zile kabla ya flaiova. Ukiamua vizuri hakuna anayekujua, ukikosea uwanja mzima unakutazama wewe. Mwisho wa 1994 wakampa timu. Alikuwa na miaka 39.

Padres alifanya nini miaka 12?

Alijenga. 1996 akashinda kanda yao na akapewa tuzo ya meneja bora wa ligi ya National (ligi kuu imegawanyika mbili, National na American). 1998 akashinda mechi 98, akaenda World Series, akakutana na New York Yankees ya Torre, mojawapo ya timu kali zilizowahi kutokea, akafungwa 4-0 kwa mechi. Baada ya hapo timu ikauza wachezaji, ikawa mbovu, akavumilia, 2005 na 2006 akashinda kanda tena. Jumla ya Padres ni ushindi 951 na vipigo 975. Uongozi mpya ukaona inatosha, hawakumfukuza lakini wakamruhusu aongee na wengine, na wengine wakawa ni majirani wapinzani, Giants. Nadhani San Diego mpaka leo wanalifikiria hilo wakiwa wanaoga.

Hii habari ya miaka ya shufwa ni nini?

2010, 2012, 2014. Zote namba shufwa. Miaka ya witiri katikati, 2011 na 2013, Giants hawakufika hata hatua ya mtoano. Mashabiki wakaanza kuamini ni uchawi, ikifika 2016 watu wametengeneza mpaka fulana, wakatolewa na Chicago Cubs ambao ndo wakabeba.

Ukweli ni kwamba hazikuwa timu za kutisha kwa kupiga. 2010 walikuwa wanashinda kwa pointi moja moja, roho juu, mashabiki wenyewe waliita mateso. Ila walikuwa na warushaji, Tim Lincecum, Matt Cain, Madison Bumgarner akiwa dogo wa miaka 21, na walikuwa na mdakaji kijana anaitwa Buster Posey. Wakaifunga Texas Rangers 4-1 kwenye fainali, taji la kwanza toka Giants wahamie San Francisco 1958, la mwisho walikuwa wamelibeba 1954 wakiwa bado New York.

Na kuna watu wanne ambao hawaimbwi, Sergio Romo, Javier López, Jeremy Affeldt na Santiago Casilla. Hao ni warushaji wa akiba, wanaingia mwishoni, saa nyingine kwa mpigaji mmoja tu kisha wanatoka. Wote wanne wamo kwenye mataji yote matatu. Bochy alikuwa anawatumia kama fundi anavyotumia spana, namba kumi kwa nati ya kumi, hachanganyi. Kocha mwingine mwenye hasira angewachosha mwezi Julai.

Anaishije na mastaa? Si mtu aliyekuwa benchi watamdharau?

Nitawapa stori moja, ya Barry Zito.

Zito, mrushaji, alisajiliwa Giants kwa mkataba wa miaka saba, dola milioni 126, na hela zile akawa hazitendei haki, kila mwaka anapigwa. 2010 ilipofika mtoano, Bochy akamwacha nje ya kikosi. Mtu wa milioni 126 anatazama kama mimi na wewe, wenzake wanabeba taji. Hapo kwa timu nyingi huyo mchezaji kashakufa, ataanza kuongea na waandishi, atamwaga sumu vyumbani.

2012 sasa. Giants wako St. Louis wanadaiwa, wako nyuma 3-1 kwenye nusu fainali, mechi moja wakifungwa wanafunga mabegi. Bochy anampa mpira Zito. Zito akarusha zamu saba na ushee, na mechi nzima ni zamu tisa, bila kufungwa hata pointi moja. Giants wakashinda hiyo, na ya sita, na ya saba, wakaenda fainali, na mechi ya kwanza ya fainali akapangwa Zito tena dhidi ya Justin Verlander wa Detroit ambaye wakati ule alikuwa mrushaji anayeogopwa kuliko wote, na Zito akashinda. Fainali ikaisha 4-0.

Mwaka huohuo Lincecum, ambaye alikuwa na tuzo mbili za mrushaji bora, 2008 na 2009, alikuwa kashuka, Bochy akamwambia kwenye mtoano utakuwa unatokea akiba. Akakubali na akafanya kazi safi. Mi nachoamini ni kwamba ukiambiwa "kaa benchi" na mtu aliyekaa benchi miaka tisa bila kununa, unakosa cha kujibu.

Ile mechi ya Bumgarner ilikuwaje?

29 Oktoba 2014, Kansas City, mechi ya saba ya fainali, iko 3-3 kwa mechi. Bumgarner alikuwa amerusha mechi nzima ya tano tarehe 26, mipira 117, bila kufungwa. Kawaida mrushaji wa kuanza anapumzika siku nne. Yeye kapumzika mbili.

Bochy akamwanzisha mzee Tim Hudson, hakumaliza hata zamu mbili, akamtoa haraka, akamwingiza Affeldt, Giants wakaenda mbele 3-2. Zamu ya tano Bumgarner anatoka kule kwa warushaji wa akiba anatembea taratibu kama mtu anaenda kuangalia ng'ombe wake. Watu wote walidhani atatupa zamu mbili, tatu akijitahidi. Bochy hakumuuliza kitu. Sita, saba, nane, tisa. Zamu ya mwisho wako watu wawili nje, wa tatu akitoka mechi imeisha, mpira ukapita kwa walinzi wa nyuma wakaubabaika, Alex Gordon akafika besi ya tatu, pointi ya kusawazisha iko mita 27 tu. Na hapo ndo jaribu la meneja, unamtoa? Anabaki. Salvador Pérez akaupiga juu, Pablo Sandoval akaudaka, kwisha. Zamu tano, mipira 68.

Mwaka ule angeshindwa ile tungekuwa tunamwita mzee king'ang'anizi. Alimwacha kwa sababu mpira ulikuwa bado una nguvu, na hilo alilijua bila kuangalia karatasi.

Ni kweli ana vipigo vingi kuliko ushindi?

Ndiyo, na watu wakisikia hawaamini. Msimu wa kawaida ana ushindi 2,252 na vipigo 2,266. Kwa idadi ya ushindi ni wa sita katika historia yote, na bado yuko chini ya nusu kwa mechi 14.

Wanaomponda wanaishia hapo. Ila angalia mtoano peke yake, ushindi 57 na vipigo 37. Alafu ukimtoa Padres, ukaacha Giants tu, mtoano ni 36 kwa 17. Msimu wa kawaida unategemea umepewa kikosi gani, na yeye amepewa vikosi vibovu miaka mingi na hakuwahi kukimbia. Oktoba kila mpira una uzito, na hapo ndo mikono ya mdakaji inafanya kazi. Hata hivyo sitaki kudanganya, nayo bahati ipo, Bumgarner hazaliwi kila mwaka.

Posey alivunjika mguu, Bochy alihusikaje?

Mei 2011 Scott Cousins wa Marlins alikimbia nyumbani akamgonga Posey kwa mwili mzima, ndivyo ilivyokuwa inaruhusiwa, mguu ukavunjika na kano za kifundo zikachanika, msimu ukaisha. Bochy akapaza sauti kwamba sheria ibadilishwe, wadakaji wamegeuzwa magunia. Wazee wengine wakamwona laini. 2014 ligi ikaweka sheria, mkimbiaji haruhusiwi kuacha njia yake kwenda kumgonga mdakaji, na mdakaji haruhusiwi kuziba njia kama hana mpira. Posey alirudi 2012 akapiga .336 na kuwa mchezaji bora wa ligi.

Familia na afya?

Mke wake Kim, watoto wawili wa kiume. Mmoja, Brett, alikuwa mrushaji na Septemba 2014 akaingia ligi kuu akiwa na Giants, meneja ni baba yake. Moyo umemsumbua Bochy, 2015 aliwekewa vifaa vya kuzibua mishipa wakati wa mazoezi ya kabla ya msimu, na baadaye akalazwa tena. Ukimwona anapanda kichuguu kubadilisha mrushaji anachechemea polepole kama mtu aliyeshuka basi la Mwanza bila kusimama njiani.

Si alistaafu 2019? Ilikuwaje akarudi?

Aliondoka Giants 2019, ushindi wake wa 2,000 akiupata Boston mwezi Septemba. Akakaa nyumbani, wajukuu, kuvua samaki. Septemba 2022 akaiongoza Ufaransa kwenye mechi za kufuzu kombe la dunia kule Regensburg, Ujerumani, hawakufuzu, ila nadhani harufu ya nyasi ikamrudia. Oktoba Texas Rangers wakampigia. Aliyempigia ni Chris Young, bosi wa Rangers, ambaye 2006 alikuwa mrushaji wake Padres.

Rangers walikuwa hoi, vipigo 102 mwaka 2021, 94 mwaka 2022, na toka timu iundwe hawajawahi kubeba World Series. Na besiboli imebadilika, 2023 ndo mwaka wa kwanza wa saa ya kumhesabia mrushaji sekunde. Watu wakasema mzee wa miaka 68 atapotea. Siku ya mwisho ya msimu walifungwa 1-0 Seattle wakapoteza uongozi wa kanda kwa Houston, wote wana ushindi 90, ikabidi waanze mtoano ugenini. Basi wakaanza kushinda ugenini, 11 kwa 11, hawakupoteza hata moja, wakati nyumbani kwao walishinda mbili wakafungwa nne. Wakawatoa Houston kwa mechi saba, timu ileile iliyomchukua yeye akiwa kijana 1975. Fainali wakawafunga Arizona 4-1.

Mameneja waliobeba World Series na timu za ligi zote mbili, National na American, wengine ni Sparky Anderson na Tony La Russa tu.

Huku kwetu kuna wadakaji?

Wapo. Uganda ndo mbele Afrika Mashariki, watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani, mwaka 2012, baada ya Waganda wengine kufuzu 2011 na kunyimwa viza. Dennis Kasumba, kijana wa Uganda aliyejulikana dunia nzima kwa video zake za mazoezi na matairi, ni mdakaji, 2023 akaenda Marekani kuchezea timu ya Frederick Keys. Bongo kuna uwanja pale Azania Sekondari uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Mkitaka kuelewa nilichosema kuhusu kuchuchumaa nendeni siku ya mazoezi mjaribu zamu moja.

Sasa yuko wapi?

2024 na 2025 Rangers hawakufika mtoano, Oktoba 2025 wakaachana kwa amani. Akarudi San Francisco kama mshauri. Bosi mkuu wa besiboli pale Giants sasa hivi ni Buster Posey, mdakaji wake.